Siku ya Kugeuza Mifereji

Nyumbani kwetu Nizwa, nusu ya mwaka mfereji mwekundu hutoa maji ya baridi na wa buluu hutoa ya moto. Mgeni akiambiwa hivyo hudhani fundi aliyetujengea alikuwa haoni. Fundi hana kosa. Tangi letu liko juu ya paa, linapigwa na jua kutwa nzima, na ikifika Mei maji yanayoshuka kwa mfereji wa buluu yanakaribia kuivisha yai. Basi watu wa huku tuna njia yetu: tunaizima hita kabisa. Hita yenyewe imetundikwa ndani, kivulini, na ubaridi wa kiyoyozi unaifikia kidogo, kwa hiyo maji yaliyolala ndani yake hupoa. Anayetaka kuoga bila kubabuka hufungua mwekundu. Kiangazi chote hita inakuwa mtungi.

Aliyetufundisha ni mama. Alikuja Oman kutoka Unguja akiwa mjane kijana mwenye watoto wawili, kaka yangu na mimi, tukafikia Ibra kwa ami yetu. Mwanzo tulitumia maji ya kisima, kisha tukapata nyumba ya saruji yenye tangi juu, na mama ndiye aliyegundua, kwa kuungua mkono, kwamba katika nchi hii ukitaka maji ya baridi uyatafute kwenye sakhani iliyozimwa. Sakhani ndiyo hita. Mama hakuwahi kuiita vingine.

Kwa kuwa mifereji inabadilishana kazi mara mbili kwa mwaka, lazima iwepo siku, na siku hiyo alikuwa akiitangaza mama. Kipupwe kikianza kunukia, alikuwa akitoka uani baada ya sala ya alfajiri, anasimama kidogo bila mtandio mzito, anarudi ndani kimya. Anafanya hivyo kwa siku kadhaa. Kisha siku moja, kwenye chai, anasema, "Leo tunageuza." Hapo kila mtu wa nyumba lazima ajibu kuwa amesikia: mume wangu, wanangu wawili, dada anayetusaidia kazi. Asiyekuwepo hupigiwa simu. Swichi haiguswi mpaka wote wamejibu. Mume wangu ni mtu wa Bahla, na mwaka wa kwanza wa ndoa yetu alicheka sana, akasema kwao hata mwezi wa Ramadhani hautangazwi kwa heshima hiyo. Mwaka wa pili alikuwa akiuliza mwenyewe kama tumekwisha kugeuza.

Mimi ni mtu wa swichi. Nataka mnijue kabla sijaendelea. Siwezi kupita mbele ya taa inayowaka bure nisiizime, hata ofisini, hata katika nyumba ya watu. Watoto wangu walizoea kuogea gizani kwa sababu mama yao alipita. Kwa hiyo hita yetu ya zamani ilipooza chini na kuanza kudondosha maji yenye kutu, kazi ya kuchagua mpya niliichukua mimi, na niliifanya kwa raha.

Mume wangu alitaka kubwa. Alisema sisi ni watu watano na wageni hawakauki. Nilimweleza kwamba hita kubwa ni sawa na kupika sufuria ya pilau ya harusi kila siku kwa ajili ya watu wawili: inayapasha moto maji ambayo hakuna anayeyataka, yanapoa, inayapasha tena. Ndogo inachemka upesi, unaoga, unazima. Nilikuwa nimesoma mengi kwenye simu na nilikuwa na haki. Mpaka leo naamini nilikuwa na haki. Tatizo ni kwamba hita ndogo humaliza maji kwa mtu wa tatu, na wa nne hutoka na povu kichwani akilalamika. Hilo nalo nikalipatia dawa. Nilikizungusha kitufe cha joto mpaka mwisho. Maji yakiwa makali sana, unachanganya kidogo tu na mengi ya baridi, na hita ndogo inatosha nyumba nzima. Karatasi iliyokuja ndani ya boksi ilisema kitufe kikae katikati, hasa penye wazee na watoto. Niliisoma. Nikaona imeandikwa kwa ajili ya watu wasiojua kuchanganya maji. Ofisini nilijisifu kwa ujanja huo mbele ya wenzangu, na mmoja akaenda kuufanya kwake.

Hita hiyo ililisha vyoo viwili vinavyogusana ukuta, cha mama na cha wageni. Mama alikuwa na sukari miaka mingi, na sukari ilikuwa imemla hisia za miguu. Yeye alilifanya mzaha. Alisema kandambili ikimvuka njiani hana habari nayo mpaka aambiwe na watu. Sisi tulicheka naye, na tulikuwa tukimkagua nyayo kila Ijumaa kwa sababu daktari alituambia hivyo.

Mwaka huo wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kututembelea kutoka Sur. Kwao pwani bado joto lilikuwa limekaa, na alipoteremka kwenye gari Nizwa wakati wa jioni alijikunyata akasema tunaishi kwenye friji. Alipoingia kunawa alitoka akitingisha vidole. Akauliza, kwa ule utani wake wenye mwiba, kama hita tumeinunua ya kutazama tu. Mimi na wifi tunapendana, lakini maneno hayo yaliniingia. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemuuliza mama kama tugeuze, naye alisema bado, siku chache tu, maji ya tangi hayajapoa vya kutosha. Baada ya sala ya magharibi nikaenda kwenye swichi nikaibonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Nikamwambia wifi alfajiri atatawadha kwa maji ya moto, na kwa ajili yake tu nitaiacha ikiwaka mpaka asubuhi, jambo ambalo mimi silifanyi hata kwa mgonjwa.

Mama alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, anavuta uradi. Nilipita mbele ya mlango ule. Ningependa kujifariji kwamba nilisahau kumwambia, na ingekuwa kweli ningelala vizuri. Sikusahau. Nilijua nikimwambia atasema, "Si nimekwambia bado?" na wifi atasikia kwamba ndani ya nyumba yangu, na umri wangu huu, swichi si yangu. Nikasema moyoni nitamwambia asubuhi. Nikapita.

Aliamka alfajiri kama kawaida akaenda kutawadha. Nimeirudia safari hiyo ya maji kichwani mara nyingi kiasi kwamba naijua kuliko sala zangu. Alifungua mfereji mwekundu, ambao kwake ulikuwa bado ndio wa baridi. Maji yanayotoka kwanza ni yale yaliyolala ndani ya bomba, si ya moto. Kwa hayo aliosha mikono, akasukutua, akapandisha puani, akaosha uso, akaosha mikono mpaka viwikoni, akapaka kichwa na masikio. Ya hita yenyewe yalikuwa njiani muda wote huo. Mguu huoshwa mwisho. Mama siku zile hakuweza tena kuinama, kwa hiyo aliuweka mguu wa kulia chini ya mfereji mwekundu wa chini, wa kuoshea miguu, akashika ukuta, akaufungulia kwa nguvu na kuyaacha maji yaupitie. Mkono ungesema. Uso ungesema. Mguu ule haukuwa na ulimi. Alikuja kujua alipopeleka mkono kufunga mfereji.

Hakupiga kelele. Alimalizia mguu wa kushoto kwa maji ya ndoo, akarudi chumbani, akaswali. Mimi nilimkuta ameketi juu ya msala, na pale alipokuwa amesimama palikuwa na alama ya maji yenye kitu ndani yake, na nilipopiga magoti nikaona ni ngozi. Aliniuliza kama wifi ameamka, kwa sababu angependa mlango ufungwe asije akaingiwa na hofu.

Hospitali daktari aliuliza imekuwaje. Nikaanza kusema, mama akanitangulia kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja. Alisema walikuwa wamemwambia hita imewashwa, yeye akasahau, uzee. Nikasema si kweli, hakuambiwa na mtu. Daktari alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaandika. Nilipomgeukia mama alinifinya mkono na kunikonyeza jicho moja, kama alivyokuwa akitukonyeza mimi na kaka tulipovunja kitu cha ami na yeye akasema ni yeye.

Kaka aliwasili kutoka Ibra kabla ya adhuhuri. Alisema toka Samad, mji wa njiani, hakumbuki hata barabara ilikuwaje. Kaka yangu ni mtu mwema mwenye kasoro moja: akikukasirikia, amekukasirikia. Binamu yetu mmoja alikosana naye kwa jambo la shamba la mitende, na mpaka leo wakikutana msibani kila mmoja anamruka mwenzake na kumwamkia aliyesimama baada yake. Nilimwamkia, nikambusu mkono, nikamweleza pale pale korido mwanzo mpaka mwisho: wifi, swichi, mlango uliokuwa wazi. Nilitaka anipigie kelele. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele hizo kama mtu anayekaza misuli kabla ya sindano.

Kaka akaingia kwa mama, wakazungumza, akatoka macho mekundu. Akaniwekea mkono begani.

"Mama amekwishaniambia," alisema. "Ulimwambia, akasahau. Na wewe unajibebesha ili watu wasiseme mama anapoteza kumbukumbu. Wallahi, Mungu atakulipa kwa kumsitiri."

Nikamwambia hapana, kaka, nisikilize. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunionea huruma. Mwishowe aliniombea dua. Nimefanya makosa mengi maishani, lakini hilo ndilo pekee nililoombewa thawabu.

Tulipobaki peke yetu nilimwuliza mama kwa nini. Nilikuwa na hasira, nadhani ilikuwa rahisi kuwa na hasira kuliko kuutazama mguu uliofungwa. Alisubiri nimalize.

"Kakaako akinikasirikia mimi, jioni atanletea uji," alisema. "Akikukasirikia wewe, mimi nishakufa na nyinyi hamsemeshani. Mnabaki wawili tu. Wachia hapo hapo."

Nikaachia hapo hapo, na nyumbani nao, hata mume wangu, wakaamini alivyosema mama. Sikuachia kwa sababu ya utii peke yake, niwe mkweli. Nilipata nafuu. Ndugu walipokuja kumpa pole na kusema maji yakimwagika hayazoleki, nilitaka kuwajibu kwamba haya hayakumwagika, haya niliyachemsha, lakini niliwapa kahawa na halua.

Kidonda cha mtu wa sukari hakina haraka. Kilikaa, kikachimba, na mwisho wakamkata kidole kidogo. Mama alisema kidole hicho hakikuwa na kazi yoyote kubwa. Lakini kilichonyofolewa zaidi hakikuwa mguuni. Mtu akishaitwa msahaulifu, kila anachofanya kinakuwa ushahidi. Mama akimwita mwanangu kwa jina la kaka, jambo ambalo amelifanya tangu mtoto kuzaliwa, watu wanatazamana. Akiuliza kama chumvi imetiwa, wanatazamana. Kaka akaamua atamchukua Ibra, ambako wake wa watoto wake wako nyumbani kutwa na mfanyakazi angemshughulikia yeye peke yake. Mama alitaka kubaki kwangu. Aliniangalia nimsemee. Ningeweza kumsemea kwa njia moja tu, kusema ana akili zake timamu na kwamba mwenye kosa ni mimi, na hilo nilikuwa nimekwisha kulisema na limehesabiwa kuwa ni wema. Nililisema tena, kwa sauti ndogo zaidi kuliko mara ya kwanza. Kaka akanibusu kichwani, akapakia sanduku.

Hita yangu sasa ni ya kupigiwa mfano. Kitufe kipo katikati. Bomba linalopita nje nimelivisha sponji lisipoteze joto. Kila mwaka fundi anaifungua na kutoa chokaa, anatoa vipande vyeupe kama maganda ya mayai, kwa sababu maji yetu ni mazito na chokaa ikijaa hita inakula umeme bure. Tumefunga kifaa cha kuchanganya maji, hata mtoto akifungua mwekundu mpaka mwisho hapati zaidi ya vuguvugu. Kuna saa inayoiwasha yenyewe kabla ya alfajiri na kuizima watu wakishatawadha. Haya yote yalikuwa yakiuzwa katika duka lile lile nililonunulia hita, na mengine niliyasoma kwenye simu nikayapita kwa sababu nilikuwa nikitafuta yanayonisifu. Mume wangu hajawahi kunikumbusha kwamba alitaka kubwa. Ningefurahi angenikumbusha.

Chumba cha mama kiko vile vile. Choo chake ndicho salama kuliko vyote Nizwa, na hakuna anayekitumia.

Kila mwisho wa wiki ninakwenda Ibra. Kule wanamtunza, siwezi kusema vinginevyo. Vidonge anapewa mkononi na kusimamiwa mpaka ameze. Mfanyakazi anaingia naye chooni na mlango hausindikwi, na mama, ambaye alikuwa akivaa mtandio hata mbele ya daktari wa meno, anaoga akizungumzishwa. Kipupwe kilipoingia mwaka jana, mkwe wa kaka aliwasha hita zote za nyumba kwa siku moja. Hakuna aliyetangaza, na hakuna aliyemuuliza mama hewa ya uani inasemaje.

Wiki tatu nyuma nilimwomba mfanyakazi apumzike, nikamtawadhisha mimi. Nilichanganya maji ndooni, nikayapima kwa kiwiko, nikayapima tena. Mama alikaa juu ya kibao, ameshika bega langu. Nilipoufikia mguu wa kulia, pale pasipo na kidole, vidole vyangu vilisimama. Tulikuwa wawili tu, na yeye ndiye mtu pekee duniani anayejua. Nikaona sasa ndiyo nafasi. Toka hospitali hatujawahi kulitaja. Nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa mguu huu."

Akacheka kidogo. "Nikusamehe nini, mwanangu?"

"Sikukwambia, mama. Niliwasha nikapita mlangoni kwako, sikukwambia."

Alinitazama kwa mshangao, na mshangao ule ulikuwa wa kweli. Nilisubiri akonyeze jicho. Nililisubiri sana jicho lile.

"Ah, wewe," alisema. "Si ulisimama pale mlangoni? Umevaa dishdasha lako la kijani, ukasema, mama, tumegeuza. Nami nikakuitikia. Kisha kichwa changu hichi kikapoteza. Nnakuona mpaka hivi sasa ulivyosimama."

Dishdasha la kijani, gauni langu la nyumbani, ninalo, na jioni ile ndilo nililokuwa nimelivaa. Amelihifadhi sawasawa, akalitilia maneno ambayo mimi sikuyasema. Uongo aliousema kwa ajili yangu ameurudia kwa kaka, kwa wajukuu, kwa kila aliyekuja kumpa pole, mpaka umekuwa ndio jambo analolikumbuka. Nikishikilia ukweli, nitakuwa wa kwanza kumthibitishia usoni kwamba kumbukumbu zake zinamdanganya kweli. Nikiuachia, sitasamehewa na mtu tena, maana hakuna tena anayejua kuna cha kusamehe.

Maji yalikuwa yanapoa ndooni. Aliniangalia, na uso wake ulianza kuingiwa na wasiwasi, wasiwasi wa mtu anayejiuliza kama amesema jambo la kipumbavu mbele ya watu wanaomhesabia.

"Hukusema?" aliniuliza.

"Nilisema, mama," nikamjibu. "Nilisema, na wewe ukaniitikia."

Akashusha pumzi, akaliachia bega langu. Nikaumwagia mguu maji.